TAIRI LILILOKWISHA: WAJIBU WA MWENYE MOTOKAA

Haya ni maneno ya hotuba juu ya matairi ya magari, iliyotayarishwa kwa ajili ya wenye motokaa, madereva, makondakta na abiria wote, wa mijini na wa mashambani.



Kila siku alfajiri, maelfu ya watu katika nchi ya Kenya hupanda magari. Mwalimu huenda shuleni, mama hupeleka mboga sokoni, mgonjwa hupelekwa hospitali, na kibarua hukimbilia kazi yake. Kila mmoja huuliza kama nafasi ipo, nauli ni kiasi gani, na gari litaondoka saa ngapi. Ni wachache sana wanaoinama kutazama matairi. Hata hivyo uhai wa wote waliomo garini umewekwa juu ya vipande vichache vya mpira, na katika motokaa ndogo kila kipande hugusa barabara mahali palipo karibu sawa na kiganja cha mtu mzima, wala si zaidi.

Tuseme yuko mtu mmoja mwenye matatu ifanyayo kazi baina ya Nakuru na Nairobi. Jioni moja dereva wake amwendea na kumwambia, "Mzee, tairi la nyuma upande wa kushoto limekwisha kabisa. Nyuzi zimeanza kuonekana."

Mzee huyo amjibu, "Kijana wangu, karo ya watoto yataka kulipwa wiki hii. Nenda nalo polepole mpaka mwisho wa mwezi, kisha tutanunua jingine."

Mazungumzo ya namna hii husikika mahali pengi, na haifai kudhani kwamba mzee huyo ni mtu mbaya. Anawapenda watoto wake, na huenda ikawa abiria wake ni majirani zake. Kosa lake ni moja tu: ameipanga siku ya mwisho ya tairi kwa kutazama mfuko wake, badala ya kulitazama tairi lenyewe. Kila tairi lina mwisho wake, na ni wajibu wa mwenye gari kuichagua siku ile mapema, gari likiwa limesimama nyumbani. Asipoichagua yeye, barabara itaichagua, na watakaolipa hawatakuwa yeye peke yake. Hilo ndilo jambo la kufikiriwa katika hotuba hii.

KAZI YA MENO YA TAIRI

Watu wengi hudhani kwamba meno ya tairi yamewekwa ili kushika barabara kama vile kucha za paka zishikavyo mti. Katika matope na barabara za udongo ni kweli kwamba meno husaidia kushika. Lakini juu ya lami kazi yake kubwa ni nyingine, nayo ni kuondoa maji. Mvua inyeshapo, maji hutandaa juu ya lami. Tairi lipitapo, mifereji iliyo baina ya meno huyapokea maji hayo na kuyatupa nyuma na kando, ili mpira upate kuigusa barabara yenyewe. Tairi likiwa kipara, maji hayana njia ya kutokea. Mwendo ukiwa wa kasi, maji husukumwa chini ya tairi mpaka gari huinuliwa, likaelea juu ya maji kama ngalawa. Hapo usukani haugeuzi kitu, wala breki haisimamishi kitu, kwa kuwa tairi haligusi barabara tena.

Hapa ndipo watu hudanganyika. Tairi kipara juu ya lami kavu laweza kushika vizuri tu, na dereva akalitumia kuanzia Januari hadi Machi bila kuona tofauti yoyote. Basi husema moyoni mwake, "Mbona lafanya kazi?" Kisha masika huanza, na kona ileile aliyoizoea miezi mitatu hugeuka kuwa adui. Hatari huzidi katika mvua za kwanza, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyokusanyika barabarani wakati wa kiangazi huchanganyika na maji na kuwa utelezi. Kwa hiyo mwenye hekima huyakagua matairi yake kabla ya mvua za masika za mwezi wa Machi, na tena kabla ya mvua za vuli za mwezi wa Oktoba.

KWA NINI TAIRI HUPASUKA

Ndani ya tairi mna tabaka za nyuzi, na katika matairi mengi ya siku hizi mna pia mishipi ya waya za chuma, vyote vikiwa vimeshikanishwa na mpira. Adui mkubwa wa mshikamano huo ni joto. Kila gurudumu lizungukapo, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua, na kujikunja huko huzaa joto. Upepo ukiwa wa kadiri ipasayo, tairi hujikunja kidogo tu. Upepo ukipungua, ubavu hujikunja kupita kiasi, joto huongezeka, na tabaka huanza kuachana. Mzigo uzidio uwezo wa tairi huleta madhara yaleyale.

Fikirieni basi gari lililojazwa abiria kupita kiasi, lenye matairi yaliyopungukiwa na upepo, likishuka kutoka Nairobi kwenda Mombasa, mwendo wa kilomita 480 hivi, katika jua kali la mchana la Mtito Andei na Voi. Matairi yale yanatiwa majaribuni mara tatu kwa wakati mmoja: kwa uzito, kwa joto na kwa mwendo. Yakiwa yamelika mpaka kwenye nyuzi, hayana ngao iliyosalia.

Uzito ambao tairi laweza kuchukua haukuachwa kwa kubahatisha. Umeandikwa ubavuni mwa tairi kwa nambari maalumu. Kwa mfano, tairi la motokaa lililoandikwa 91 limetengenezwa kuchukua kilo 615, wala si zaidi. Mwenye gari anaponunua tairi jipya, na amwombe muuzaji amwonyeshe nambari hiyo na kuilinganisha na ile iliyopendekezwa na watengenezaji wa gari.

Kadiri ya upepo nayo aghalabu imeandikwa kwenye kibandiko kilicho mlangoni mwa gari upande wa dereva, au katika kitabu cha gari. Yafaa upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa maana tairi likiisha kwenda mwendo mrefu upepo wake hupanda kwa sababu ya joto, na kipimo hicho hudanganya. Dereva apimaye mchana wa joto, akaona upepo umezidi na kuupunguza, atajikuta na matairi yaliyolegea siku ya pili yake.

JINSI YA KULIKAGUA TAIRI

Kulikagua tairi si kazi ya fundi peke yake. Mtu yeyote mwenye macho aweza kuifanya kwa dakika chache, naye na atazame mambo haya.

Kwanza ni kina cha mifereji. Katika matairi mengi ya motokaa, ndani ya mifereji mna vijivimbe vidogo vya mpira, vilivyowekwa kwa makusudi na watengenezaji, navyo vina kimo cha milimita 1.6. Meno yalikapo mpaka yakawa sawasawa na vijivimbe hivyo, tairi limefika mwisho wake, na hakuna shauri jingine ila kulibadili. Kipimo hicho cha milimita 1.6 ndicho kilichotiwa katika sheria ya Uingereza kwa motokaa tangu mwaka 1992. Lakini milimita 1.6 ni mwisho wa uvumilivu, na nguvu ya kuondoa maji huanza kupungua kabla ya hapo. Wataalamu wengi hushauri tairi libadilishwe lifikapo milimita 3, hasa kwa gari liendalo mwendo mrefu wakati wa mvua.

Pili, na atazame namna tairi lilivyolika. Likilika katikati tu, ni dalili ya upepo uliozidi. Likilika kando zote mbili, upepo umekuwa mdogo. Likilika upande mmoja peke yake, magurudumu hayakunyooka sawasawa, na fundi hana budi kuyanyosha. Kununua tairi jipya bila ya kuondoa sababu ya kulika huko ni kuteka maji kwa pakacha.

Tatu, na apapase ubavu wa tairi, wa nje na wa ndani pia. Uvimbe kama jipu ni alama kwamba nyuzi za ndani zimekatika, huenda kwa kugonga shimo au ukingo wa barabara. Tairi la namna hiyo haliponi, nalo laweza kupasuka wakati wowote, hata kama meno yake bado ni mapya.

Nne ni umri. Mpira huzeeka hata usipotumiwa. Jua na hewa huukausha, na nyufa ndogondogo huonekana ubavuni kama nyufa za udongo wakati wa kiangazi. Tangu mwaka 2000 tarehe ya kutengenezwa kwa tairi huandikwa kwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi likiisha kupita miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi liondolewe hata kama laonekana zima, pamoja na tairi la akiba. Shauri hili lina maana kubwa nchini Kenya, kwa sababu magari mengi huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika kwa miaka kadhaa. Gari laweza kung'aa kama jipya bandarini Mombasa, na huku limesimama juu ya matairi ya kizee.

Liko jambo jingine la hila ambalo lapasa kutajwa. Wako watu kando ya barabara ambao huchukua tairi lililokwisha, wakalichonga mifereji mipya kwa chuma cha moto au kisu, kisha wakalipaka rangi nyeusi na kuliuza kwa bei nafuu. Mpira haukuongezwa hata kidogo. Umepunguzwa, mpaka nyuzi zimebaki na ngozi nyembamba juu yake. Yako matairi ya malori yaliyotengenezwa tangu mwanzo kwa mpira mnene ili yapate kuchongwa, na hayo huandikwa hivyo ubavuni. Tairi la motokaa ndogo si la kuchongwa. Anunuaye tairi kama hilo ajue kwamba amenunua rangi.

HESABU YA FEDHA

Sasa turejee kwa yule mzee wa Nakuru, maana neno lake la fedha lastahili kujibiwa kwa fedha. Tuchukue mfano, kila mtu aubadili kwa bei za mahali pake. Tuseme tairi moja limenunuliwa kwa shilingi 9,000, nalo likitunzwa laenda kilomita 40,000. Kila kilomita moja yagharimu chini ya senti 23. Mwenye gari akililazimisha tairi lile liende kilomita 4,000 zaidi baada ya kwisha kwake, yaani kama safari nane za kutoka Nairobi kwenda Mombasa, atakuwa ameokoa shilingi 900 tu.

Shilingi 900 ni kitu, wala hakuna mtu wa kuzidharau. Lakini na ziwekwe katika mizani. Upande mmoja ni shilingi 900. Upande wa pili ni gari zima, faini, gharama za wakili, fidia ya waliojeruhiwa, na vilio ambavyo havina bei. Mfanyabiashara gani sokoni atakubali mapatano ya namna hiyo?

Njia iliyo bora ni kuweka akiba. Mwenye matatu au teksi akitenga sehemu ndogo ya mapato ya kila siku katika mfuko wa matairi, siku ya kununua haitamkuta na karo mkononi. Katika mfano huu, gari la matairi manne liendalo kilomita 200 kwa siku lala shilingi 180 za matairi kila siku. Fedha hizo si faida, ingawa zimelala mfukoni pamoja na faida. Ni deni ambalo mwenye gari analidaiwa na matairi yake.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka 1954. Kifungu cha 55 cha sheria hiyo kinaamuru kwamba gari lisitumiwe barabarani isipokuwa gari lenyewe na sehemu zake zote, taa na matairi yakiwa yametajwa kwa jina, ziwe katika hali ambayo haitawahatarisha wanaosafiri ndani yake wala watumiaji wengine wa barabara. Avunjaye kifungu hicho aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 400,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka miwili, au yote mawili.

Sheria yamtaja aendeshaye gari, na pia alitumiaye. Basi tajiri aketiye nyumbani, huku gari lake likifanya kazi kwa faida yake, asidhani kwamba kosa ni la dereva pekee. Wala dereva asidhani kwamba neno "tajiri aliniamuru" litamwokoa mbele ya hakimu. Akisababisha kifo kwa kuendesha gari ovyo au kwa namna ya kuwahatarisha watu, sheria inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10, na atakayefungwa ni yeye aliyeshika usukani.

Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa na Serikali kila mwaka. Wako waazimao matairi mema kwa siku ya ukaguzi, kisha wakarudisha vipara jioni. Mtu wa namna hiyo hajamdanganya mkaguzi, bali amewadanganya abiria wake. Cheti cha ukaguzi chasema hali ya gari siku ile moja tu. Siku nyingine zote mkaguzi ni mwenye gari.

Tena kuna madai ya fidia, ambayo ni kesi mbali na kesi ya polisi. Watu husema, "Tairi lilipasuka, ni kazi ya Mungu." Mahakama haziridhiki na jibu hilo. Mwaka 1943 basi moja huko kusini ya Wales lilipasuka tairi, likaacha barabara na kuanguka, na abiria wakafa. Mjane wa mmoja wao alishtaki, na kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi la Uingereza, lililotoa hukumu mwaka 1950. Kampuni ya mabasi ilisema kwamba ilikuwa na utaratibu wa kukagua matairi. Lakini ilionekana kwamba haikuwaagiza madereva wake kutoa habari kila tairi lilipopata pigo kubwa barabarani, pigo ambalo laweza kukata nyuzi za ndani bila kuonekana kwa nje. Kwa sababu hiyo kampuni ilionekana ina hatia ya uzembe. Ikiwa tairi lenye hitilafu iliyofichika ndani lilimtia mwenyewe hatiani, je, la kipara linaloonekana na kila mtoto apitaye njiani?

Habari ya bima nayo yafaa ieleweke. Bima ya lazima ya Kenya ni kwa ajili ya kuwalinda watu wengine, na kampuni ya bima haiwezi kumnyima aliyejeruhiwa haki yake kwa kusema tu kwamba gari lilikuwa bovu. Lakini baada ya kulipa, yaweza kumgeukia mwenye gari na kumdai. Tena tangu mwaka 2006 kiwango cha juu ambacho bima hiyo inalazimika kulipa kwa dai moja ni shilingi milioni 3. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, baki ni juu ya mwenye gari, na mashamba na nyumba vyaweza kuuzwa. Ama bima kubwa, ambayo hufidia na gari lenyewe, kwa kawaida ina sharti kwamba gari litunzwe katika hali njema. Alivunjaye sharti hilo aweza kurudi mikono mitupu.

TAIRI LIKIPASUKA NJIANI

Hata matairi mema hupata ajali ya msumari. Likipasuka, dereva na ashike usukani imara kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, wala asikanyage breki kwa ghafula. Aliache gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha aliingize kando ya barabara, aweke alama za kung'aa mbele na nyuma, na kuwashusha abiria wakae mbali na lami. Wengi wameokoka katika kupasuka kwa tairi, wakagongwa na lori lililokuja nyuma walipokuwa wakitafuta jeki.

TAIRI LA ZAMANI LIENDE WAPI

Tairi jipya likiisha kufungwa, watu wengi hudhani kazi imekwisha. La zamani huegemezwa ukutani mwa gereji, hutupwa kwenye korongo, au huchomwa moto. Lakini wajibu wa mwenye gari bado haujakwisha, kwa maana tairi halivunjiki kama jani la mgomba. Litakaa ardhini kwa miaka mingi sana.

Tairi lililolala nje hukusanya maji ya mvua, na maji hayo ndiyo nyumba apendayo mbu mwenye madoadoa meupe aitwaye Aedes. Huyu huuma mchana, na ndiye aenezaye homa ya dengi na chikungunya. Mayai yake yaweza kukaa makavu ukutani mwa tairi kwa miezi, kisha yakaanguliwa mvua inyeshapo. Jina lenyewe chikungunya latoka katika lugha ya Kimakonde, nalo lahusu mgonjwa anavyopindika kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nyanda za Wamakonde huko Tanganyika. Kenya iliuona Lamu mwaka 2004, na Mombasa ikaupata katika miaka ya 2017 na 2018, baada ya kusumbuliwa na dengi mwaka 2013. Basi tairi lililotupwa nyuma ya nyumba laweza kuwalaza kitandani watoto wa mtaa mzima, ambao hawajapata hata kupanda gari lile.

Kulichoma ni vibaya zaidi. Moshi mweusi wa mpira una masizi na sumu zenye kudhuru mapafu, na mafuta yatokayo katika moto huo huingia katika udongo na visima. Wako wachomao matairi ili wapate waya za chuma ndani yake na kuziuza kwa kilo. Fedha hizo kidogo hununuliwa kwa pumzi ya majirani.

Kuna njia zilizo bora. Mafundi wa akala, kama wale wa soko la Kariokor mjini Nairobi, wamekuwa wakiyageuza matairi kuwa viatu tangu zamani, na akala njema humtumikia mchungaji na mkulima miaka mingi. Wao hupendelea matairi ya nyuzi kuliko yale ya waya, maana waya huharibu visu vyao na kuchoma nyayo. Mafundi wengine hukata vipande vya kufungia mizigo, au kutengeneza bembea za shule. Katika nchi nyingi matairi husagwa kuwa chembechembe za kutandika viwanja, au hutiwa katika tanuri za saruji ambamo moto ni mkali na moshi huchujwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya taka imeweka kanuni kwamba atengenezaye au aletaye bidhaa nchini ana wajibu juu yake hata baada ya kutumika. Kwa hiyo mnunuzi wa tairi jipya na amwulize muuzaji, "Bwana, la zamani mwalipokea?" Swali hilo likiulizwa na wengi, wauzaji watajifunza kuwa na jibu.

Na mpaka tairi litakapochukuliwa, liwekwe mahali penye paa, au litobolewe matundu ili maji yasituame. Jambo moja lisisahauliwe kamwe: likatwe kwa msumeno au kwa shoka kabla ya kutolewa. Tairi bovu lisilokatwa hurudi barabarani. Huuzwa kwa mtu maskini kuliko mwenyewe wa kwanza, likafungwa katika gari jingine, likabeba watu wengine. Mtu aliyelikataa kwa watoto wake asiwauzie watoto wa jirani.

MWISHO

Wajibu huu si wa wenye magari peke yao. Dereva ana haki ya kukataa kuliondoa gari lenye matairi mabovu, na tajiri mwenye busara atamshukuru. Abiria naye aweza kuinama kabla ya kupanda, akatazama. Akiona nyuzi, na ashuke, awaambie na wenzake. Gari lililokosa abiria kwa sababu ya tairi litapata tairi jipya upesi kuliko lile lililotozwa faini.

Na yule mzee wa Nakuru? Njia mbili ziko mbele yake. Aweza kungoja mwisho wa mwezi, na labda hakuna litakalotokea. Ndivyo watu wengi walivyozoea kutumaini. Au aweza kulisimamisha gari siku moja, akakopa kwa chama chake, akanunua tairi, akalikata lile la zamani, na kwenda kumwambia mkuu wa shule kwamba karo itachelewa siku chache. Mkuu wa shule ataweza kungoja. Mvua haitangoja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tairi ni mdogo, lakini ukuta wake hujengwa makaburini.